Arthur Holmes, Mtu Aliyetafuta Joto la Chini ya Ardhi

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuona watu wakichoma matofali hapa kwetu Kisii. Matofali hupangwa yakawa tanuri, yakakandikwa udongo kwa nje, kisha kuni zikatiwa chini na moto ukawaka usiku na mchana. Siku ya kubomoa, fundi hana haja ya kipimajoto. Anashika tofali moja tu na kukuambia lilikuwa wapi. Lile jeusi, gumu kama chuma, lilikuwa karibu na mdomo wa moto. Lile jekundu zuri lilikuwa katikati. Na lile la rangi ya udongo, linalomong'onyoka mkononi, hilo lilikuwa pembeni na moto haukulifikia vizuri. Moto umeshazimika, lakini tofali halijasahau.

Sasa hebu jiulize swali. Huko chini ya ardhi, mbali kabisa na miguu yetu, kuna joto kiasi gani? Nani aliwahi kufika huko akapima? Jibu ni kwamba hakuna. Warusi walichimba shimo refu kuliko yote mahali paitwapo Kola, na mwaka 1989 wakafikia mita 12,262. Huko walikuta joto la nyuzi 180 hivi, na mitambo ikashindwa kuendelea. Kilomita 12 si mchezo, lakini kutoka hapa tulipo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Kwa hivyo shimo lile ni kama mchubuko tu kwenye ganda la chungwa.

Basi walimu wetu wa Jiografia wanajuaje hayo wanayotufundisha? Jibu lina hadithi ndefu, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni maisha ya mtu mmoja aliyeponea chupuchupu kuzikwa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Mtu huyo ni Arthur Holmes. Wenzetu waliosoma habari za mabara kusogea na mikondo ya joto wamekwisha kukutana na kazi yake, ingawa huenda jina lake hawalijui.

Arthur Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 karibu na mji wa Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa samani. Hawakuwa matajiri, lakini walikuwa watu wa dini na Biblia ilikuwa nyumbani siku zote. Katika Biblia za siku zile pambizoni mwa ukurasa wa kwanza palikuwa pamechapishwa mwaka wa kuumbwa kwa dunia, yaani mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kijana Arthur aliutazama mwaka ule akashangaa. Kwa nini 4004? Kwa nini isiwe 4000 kamili? Swali hilo la kitoto halikumtoka kichwani maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 alipata nafasi ya kusoma fizikia katika chuo kikubwa mjini London. Alikuwa na msaada wa masomo wa pauni 60 kwa mwaka, fedha ambazo hazikutosha kitu. Mwaka wa pili akaanza kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba, ijapokuwa walimu wake walimshauri asifanye hivyo. Kumbe mchanganyiko huo wa fizikia na mawe ndio uliomfanya awe yule aliyekuwa.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakigombana juu ya umri wa dunia. Lord Kelvin, mwanafizikia mashuhuri, alikuwa amepiga hesabu na kusema kwamba dunia ni kama chungu kilichoepuliwa mekoni. Mwanzoni kilikuwa cha moto sana, tangu hapo kinapoa tu. Akahesabu muda wa kupoa, akapata miaka kati ya milioni 20 na milioni 40. Wanajiolojia waliona muda huo ni mfupi mno, lakini nani angebishana na Kelvin?

Halafu mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel akagundua unururifu. Ilidhihirika kwamba madini kama urani hutoa nguvu na joto yenyewe, bila kuwashwa na mtu. Basi ile hadithi ya chungu ikaingia dosari. Chungu kimeepuliwa ndiyo, lakini kumbe kina makaa ndani yake! Tena urani hugeuka polepole na kuwa risasi, ile metali nzito, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unaweza kujua jiwe lina umri gani. Holmes, kijana wa miaka 21, alifanya kazi hiyo kwa jiwe kutoka Norway na kupata miaka milioni 370. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 1911.

Lakini sifa hailipi deni la chakula. Mwaka huohuo wa 1911 Holmes alikubali kazi ya kutafuta madini kaskazini mwa Msumbiji kwa mshahara wa pauni 35 kwa mwezi. Kwa mtu aliyeishi kwa pauni 60 mwaka mzima, huo ulikuwa utajiri. Alitembea porini miezi kadhaa akipima ardhi na kuokota mawe. Madini ya maana hawakuyapata. Alichokipata yeye ni malaria, na malaria ikageuka ikawa homa ya mkojo mweusi, ugonjwa ambao siku zile watu wengi hawakuamka kutoka kitandani. Hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba simu ya maandishi ilipelekwa Uingereza kutangaza kwamba Arthur Holmes amekufa.

Maskini, fikiria mzazi anayepokea karatasi kama hiyo! Hata hivyo, Mungu alikuwa na mipango yake. Holmes alipona, akapanda meli na kurudi kwao akiwa dhaifu, na mawe yake sandukuni. Malaria iliendelea kumsumbua, na kwa sababu hiyo hakupelekwa vitani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ugonjwa uliotaka kumuua Msumbiji huenda ndio uliomwokoa na mizinga ya Ulaya.

Mwaka 1913 aliandika kitabu juu ya umri wa dunia, na humo akaonyesha kwamba miamba mikongwe imefikia miaka milioni 1,600. Mwaka uliofuata alimwoa Margaret Howe. Kisha kuanzia mwaka 1915 akaligeukia lile swali letu la tanuri: huko chini kuna joto kiasi gani?

Hapa, mpenzi msomaji, tuende polepole. Mawe ya juu kama matale yana urani na thoria, na hayo hutoa joto. Kama dunia yote hadi katikati ingekuwa na madini hayo kwa kiasi kilekile, joto lingekuwa kali hata dunia nzima ingeyeyuka. Lakini haijayeyuka. Kwa hiyo madini hayo lazima yawe yamejazana juu, kwenye ganda, na kuwa haba huko chini. Holmes akatumia hesabu hiyo kukadiria joto linavyozidi kadiri mtu anavyoshuka. Zilikuwa hesabu za akili nyingi, lakini zilikuwa na upungufu mmoja: hapakuwa na shahidi. Hakuna kitu chochote kilichotoka huko chini kuja kusema ndiyo au la.

Kabla hajapata shahidi, masaibu yalimwandama tena. Mwaka 1920 alikwenda Burma kuwa mkuu wa wanajiolojia katika kampuni ya mafuta. Alikwenda pamoja na familia yake, mwanawe Norman akiwa mtoto wa miaka mitatu. Kampuni ilifilisika. Mtoto naye akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa muda mfupi kabla ya wao kuondoka. Holmes alirudi Uingereza bila fedha, bila kazi na bila mtoto. Mtu aliyekuwa amepima umri wa dunia alilazimika kuendesha duka dogo mjini Newcastle, akiuza vitu vya mapambo kutoka nchi za Mashariki. Wale wanaouza vinyago vya mawe ya Tabaka kando ya barabara watamwelewa vizuri.

Subira huvuta heri. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Durham kilimwita aanzishe idara ya jiolojia. Hapo ndipo akili yake ilipochanua. Wakati huo Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amesema kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja, kisha yakaachana. Wengi walimcheka. Bara zima litasukumwa na nini? Holmes hakucheka. Yeye alikuwa na joto lake mkononi. Alisema kwamba chini ya ganda la dunia kuna tabaka nene la mwamba ambalo wataalamu hulifananisha na koti. Mwamba huo ni mgumu, lakini ukipashwa joto kwa mamilioni ya miaka unajongea polepole sana, kama lami juani. Basi huzunguka kama uji wa wimbi unaochemka: hupanda katikati, husambaa pembeni, hupoa, hushuka tena. Na mabara yaliyo juu hubebwa kama povu la uji. Alieleza wazo hilo mbele ya wanajiolojia wa Glasgow, na likachapishwa mwaka 1931. Yeye mwenyewe alikiri kwamba bado ni dhana tu. Wegener alikuwa amefariki mwaka 1930 kwenye barafu ya Greenland.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Idara ya Jiolojia ya Uganda ilianzishwa mwaka 1919, na mkuu wake wa kwanza alikuwa E. J. Wayland, ambaye naye aliwahi kufanya kazi Msumbiji. Maofisa wa idara hiyo walikusanya mawe ya volkeno kutoka magharibi mwa Uganda, huko Bufumbira, Katwe na Bunyaruguru, na mengi yakamfikia Holmes. Yeye pamoja na mkemia H. F. Harwood waliyachunguza kwa miaka mingi. Baadhi ya lava hizo hazikufanana na nyingine zozote zilizojulikana, hata Holmes akazipa majina mapya kutokana na mahali zilipotoka. Ndiyo sababu hadi leo vitabu vya jiolojia duniani vina mawe yanayoitwa katungiti, kutoka volkeno ya Katunga, mafuriti, kutoka shimo la Mafuru, na ugandaiti. Si jambo dogo, kijiji cha Kiafrika kuwa neno la kisayansi!

Katika volkeno hizo mlikuwa na jambo jingine la ajabu. Pamoja na lava na majivu, zilitapika vipande vya mawe ambavyo si lava asilani. Vingine ni vikubwa, vingine vidogo, vyenye punje nzito za madini ya kijani na meusi. Mawe hayo hayakuzaliwa na lava, yalibebwa nayo tu, kama abiria ndani ya matatu. Wataalamu huyaita kwa jina la Kigiriki lenye maana ya mawe mageni. Nasi Waswahili tuna msemo wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa ndio mashahidi waliokuwa wakitafutwa.

Holmes alitambua kwamba mawe mageni yana habari za chini. Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuzisoma zote sawasawa. Mwaka 1950 alieleza kwamba katungiti na ndugu zake zilitokea pale kaboneti iliyoyeyuka ilipopanda na kuchanganyika na matale. Leo wanajiolojia wanaona kwamba lava hizo zilitoka kwenye lile koti lenyewe, mahali palipokwisha kubadilishwa na maji na gesi za chini. Mwanasayansi mkubwa naye hukosea. Tofauti yake na sisi ni kwamba huacha mawe yake mezani ili wengine wakague.

Holmes alihamia Edinburgh mwaka 1943. Margaret alikuwa amefariki mwaka 1938, na mwaka uliofuata Holmes alimwoa Doris Reynolds, ambaye pia alikuwa mwanajiolojia hodari. Mwaka 1944 alitoa kitabu kikubwa cha jiolojia kilichosomwa na wanafunzi wa nchi nyingi, na ndani yake aliliweka tena wazo lake la mikondo. Pia alitazama umri wa miamba ya Afrika akaona kwamba kuna mkanda mrefu wa miamba iliyokunjwa na kupikwa upya, unaotoka Msumbiji kupitia Tanzania hadi Kenya. Aliuita Mkanda wa Msumbiji. Nchi ileile iliyotaka kumzika akaipa jina katika ramani ya jiolojia.

Alifariki London tarehe 20 Septemba 1965. Mwaka uliotangulia alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Vetlesen, na aliwahi kushuhudia wanasayansi wakianza kukubali kwamba kweli mabara husogea. Kutoka siku ile simu ilipotangaza kifo chake, alikuwa ameishi miaka 54 zaidi.

Lakini mashahidi wake walikuwa bado hawajasema yote. Miaka ya 1970 ndipo wataalamu walipojifunza kuyahoji mawe mageni vizuri. Njia yenyewe ni hii. Ndani ya jiwe mna aina mbili za madini yanayoitwa piroksini, zimekaa jirani. Moja ina kalisi nyingi, nyingine kidogo. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo ile yenye kidogo inavyoweza kupokea kalisi zaidi, kama vile chai moto inavyoyeyusha sukari nyingi kuliko maji baridi. Pima kalisi, umejua joto. Na kama jiwe lina ganeti, yale madini mekundu kama komamanga, basi alumini iliyo ndani ya piroksini hupungua kadiri uzito wa miamba ya juu unavyozidi. Pima alumini, umejua kina. Na kwa kuwa lava hupanda kwa kasi na kupoa upesi, madini hayapati nafasi ya kubadilika. Jiwe hufika juu likiwa na kumbukumbu yake, sawa na lile tofali letu. Mwaka 1973 Mmarekani Francis Boyd alitumia mawe ya Lesotho kuchora jinsi joto linavyopanda kutoka kina hadi kina.

Afrika Mashariki ina mawe hayo tele: Marsabit na vilima vya Chyulu hapa Kenya, Lashaine na Labait huko Tanzania. Mwaka 1992 wataalamu wa Ujerumani waliyalinganisha wakaona kwamba chini ya Marsabit kuna joto kali kuliko chini ya Lashaine kwa kina kilekile. Baadaye mawe ya Labait, mengine kutoka kina cha kilomita 150 hivi, yalionyesha joto la zaidi ya nyuzi 1,300 kule mwishoni mwa mwamba mgumu, ambao wataalamu huuita litosfia. Moto unapanda kutoka chini na kuilamba litosfia kama ulimi wa moto kwenye sufuria.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Kisii na Nyamira? Yanatuhusu sana! Tazama ramani. Bonde la Ufa halikupita kwetu. Limegawanyika likawa mikono miwili: mmoja unapita Turkana, Nakuru na Magadi, mwingine unapita Uganda hadi Ziwa Tanganyika. Katikati limebaki bonge moja la ardhi kongwe lenye Ziwa Victoria juu yake, na sisi tuko ukingoni mwa bonge hilo. Miamba yake mingi ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Chini yake litosfia ni nene na ina ubaridi, ndiyo maana ni ngumu. Almasi za Mwadui kule Shinyanga, zilizogunduliwa mwaka 1940, ni ushahidi mwingine, kwa maana almasi hukaa mahali penye kina kirefu lakini pasipo na joto la kupita kiasi. Mpasuko ulipofika kwenye bonge hilo ulishindwa kulipasua, ukazunguka kupitia kwenye mikanda iliyo laini zaidi pembeni. Na mmoja wa mikanda hiyo ni ule Mkanda wa Msumbiji wa Holmes.

Kwa ufupi, wenzetu wa Naivasha wamekaa karibu na mdomo wa tanuri, na joto lao limekuwa likizalisha umeme Olkaria tangu mwaka 1981. Sisi tuko upande wa tofali la pembeni. Wao wana moto, sisi tuna vilima vilivyotulia. Kila mmoja na bahati yake.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, safari nyingine ukishika jiwe la Tabaka, au ukipanda ukingo wa Manga ukajikwaa, usilitupe jiwe kwa hasira. Lishike, uligeuze, uliulize limetoka wapi na lilipikwa kwa moto gani. Yule kijana wa Gateshead aliuliza swali dogo juu ya mwaka ulioandikwa pambizoni mwa ukurasa, na jibu likamfikisha Msumbiji, mlangoni mwa kaburi, na hatimaye chini ya mabara yote. Mgeni akija na habari, mwenyeji atapona tu ikiwa yupo nyumbani wa kumsikiliza.